Neno la Ukurasa wa Nne

Kiwandani walimwita Bi Mkato, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kufasiri. Kiwanda kilikuwa cha sabuni, mitambo ilitoka ng'ambo, na kila kilichohusu mitambo kilikuja kwa Kiingereza: maelekezo, maonyo, barua za mafundi, hata maandishi ya kwenye makopo ya grisi. Bi Mkato aliyapokea, akayageuza Kiswahili, akayabandika kwenye ubao wa matangazo kando ya mlango wa kuingilia zamu. Hapo palikuwa na sheria ya Meneja ambayo haikuandikwa popote, lakini ilijulikana kuliko zote zilizoandikwa: tangazo ni ukurasa mmoja, herufi kubwa, mtu aweze kulisoma akiwa kwenye foleni na chupa ya chai kwapani. Ukurasa wa pili haubandikwi.

Sasa mwambie mhandisi wa Kiingereza aandike ukurasa mmoja uone. Yule hawezi kukuambia mvua inanyesha bila kutanguliza kwamba ni kwa maoni yake, kwa kadiri inavyoonekana, na kwa jumla. Bi Mkato alikuwa amejifundisha kuwanyoa. Kabla hajaanza kufasiri alishika penseli, akapita kwenye karatasi ya Kiingereza, akapiga mstari juu ya kila neno aliloliona ni la adabu tu, hasa yale yenye mkia wa namna moja, wa -ly, ambayo Waingereza huyanyunyiza kwenye sentensi kama chumvi.

"Ukitoa manyoya, kuku hapungui nyama," aliwaambia wenzake ofisini, nao wakacheka.

Ripoti ya kurasa kumi na mbili iliingia upande mmoja wa meza yake ikatokea upande wa pili ikiwa ukurasa mmoja. Meneja alimsifu mbele ya watu, tena zaidi ya mara moja. Mimi sisemi kusifiwa ni kubaya. Nasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wahenga waliposema hivyo hawakuwa wakiwasema wagema peke yao.

Basi Jumatatu moja asubuhi bomba la mvuke likapasuka.

Mambo yenyewe ni haya. Boila huchemsha maji, na mvuke wake hupita kwenye mabomba hadi kwenye mapipa ya kupikia sabuni. Bomba likilala baridi tangu Jumamosi, maji hukusanyika ndani yake. Asubuhi, kabla ya kuachia mvuke, mtunza boila hufungua valvu ndogo iliyo chini ili maji hayo yatoke, na kwa kuwa yanatokea kwenye kijibomba kinachoishia shimoni, huwa hayaonekani. Maji yakibaki, mvuke huyasukuma kwa kasi, nayo huligonga bomba kama nyundo. Jumatatu ile yaligonga mara mbili, na mara ya tatu bomba likafunguka juu ya Fundi Bomba, ambaye alikuwa akipita chini na spana zake akiimba wimbo wake wa kila siku ambao hakuna aliyewahi kuusikia ukifika mwisho. Alikaa hospitali siku tatu, ya nne akafariki.

Aliyeachia mvuke asubuhi hiyo alikuwa Mzee wa Boila, sahibu yake wa miaka ishirini na miwili. Mzee huyo ndiye mjomba wa Bi Mkato, kaka wa mama yake, tumbo moja. Alimchukua mpwa wake akiwa na miaka tisa, siku mama alipozikwa, akamlea na kumsomesha mpaka alipoweza kumwingiza ofisini kwa mguu wake mwenyewe. "Yule mpwa wangu," alizoea kuwaambia watu kwenye foleni, "Kiingereza chenyewe kinamwogopa."

Walipomuuliza kuhusu valvu, Mzee wa Boila alijibu bila kubabaika. "Niliifungua. Naifungua kila Jumatatu tangu hamjazaliwa." Watu wakamwamini. Hata mke wa Fundi Bomba, mjane wa juzi tu, alimwamini, na matangani alimshika mkono akalia naye.

Kisha akaja mhandisi kutoka kwa watengenezaji wa mitambo. Alikaa siku mbili, akapima, akapiga picha, akaondoka, na baada ya wiki ikaja ripoti ya kurasa kumi na mbili. Bi Mkato akaipitia kwa penseli kama kawaida yake, akaweka karatasi kwenye mashine, akaanza kuchapa. Alipofika kwenye sentensi ya ukurasa wa nne aliacha kuchapa. Kwa Kiswahili ilisomeka hivi: Valvu ya kutolea maji iliachwa imefungwa na mwendeshaji wa zamu ya asubuhi.

Aliisoma mara tatu. Akaenda chooni, akafungulia bomba la maji ili asisikike, akalia. Mjomba amesema uongo! Amesimama juu ya kaburi la rafiki yake akasema uongo, akamwacha mjane amshike mkono! Aliporudi mezani machozi yalikuwa yamekauka na mahali pake pamekaa hasira. Wazo la kuifunua tena ripoti lilimjia, akalifukuza. Asije mtu akasema amembeba mjomba wake. Aliimalizia ile karatasi kwa meno yaliyoumana, akaipeleka ubaoni mwenyewe, akaipigilia pini nne, na moyoni, Mungu amsamehe, alijiona mtu mwadilifu.

Saa saba mchana mlango wa ofisi yake ukagongwa. Mjomba aliingia akiwa ameshika kofia yake ya kazi. Alisimama kama mgeni.

"Mpwa wangu, nimesoma kule ubaoni."

Bi Mkato hakuinua macho. "Ndiyo, Mjomba."

"Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo."

"Hata kwenye Kiingereza chake?"

"Mjomba, mimi siongezi neno."

Na kweli hakuongeza. Mjomba alisimama kidogo, akaitikia kwa kichwa taratibu, akatoka, akaufunga mlango kwa uangalifu kana kwamba ndani kuna mgonjwa.

Siku ileile alisimamishwa kazi. Baada ya wiki mke wa mjomba alimpigia Bi Mkato simu. Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kulia.

"Mjomba wako ameamka leo akavaa shati lake jeupe, akaenda kwa mke wa marehemu. Amempigia magoti. Amemwambia, shemeji, ni mimi niliyemuua mume wako, niliisahau valvu."

"Mjane akasemaje?"

"Alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia, mimi hapa duniani nimekusamehe, ya huko mbele mtamalizana wewe na marehemu. Akafunga mlango. Mwanangu, njoo umwone. Hali chakula, halali usingizi. Anakaa tu anaangalia mkono wake."

"Nitakuja, Mama," alisema Bi Mkato, na hakwenda. Alijiambia kwamba angalau sasa amesema kweli. Wiki tatu zikapita, na katika wiki hizo kila alipokaribia ubao ule alipinda njia.

Sasa ikaja barua kutoka ofisi ya kazi. Shauri la Mzee wa Boila lingesikilizwa Ijumaa, na ofisi ilitaka ripoti ya mhandisi kwa Kiswahili, yote, neno kwa neno, kurasa zote kumi na mbili, na sahihi ya mfasiri kila ukurasa. Siku zilikuwa mbili tu. Bi Mkato akaitoa ripoti kabatini, akanoa penseli kwa mazoea, akakumbuka kwamba safari hii haina kazi, akaiweka chini. Ukurasa wa kwanza ulikwenda. Wa pili na wa tatu ikawa vilevile. Wa nne ukamsimamisha.

Kwenye ile sentensi ya valvu palikuwa na neno moja lililopigwa mstari. Mstari wenyewe ulikuwa wake, ule mwembamba wenye kijikia mwishoni. Chini ya mstari neno lilisomeka vizuri tu: presumably.

Alilitazama mpaka herufi zikaanza kuchezacheza. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka sita: akafungua kamusi kutafuta neno analolijua. Kamusi ikamwambia yamkini, pengine, inavyodhaniwa. Alikuwa akijua. Hicho ndicho kilichomkata maini, kwamba alikuwa akijua siku zote. Mtu akirudi nyumbani akakuta viatu vya watoto mlangoni, akasema watoto wamesharudi, hajawaona watoto, ameona viatu. Mwingereza mwangalifu hapo hutia neno lake hilo ili ujue. Anakuambia: hapa nimefika kwa kufikiri, macho yangu hayakufika. Mhandisi hakusema Mzee wa Boila aliifunga valvu. Alisema anadhani. Akaweka na alama kabisa ya kuonyesha kwamba anadhani, na Bi Mkato akaifuta kwa penseli kama mtu anayefuta vumbi.

"Mama yangu!" alisema kwa sauti, na mwenzake wa meza ya pili akaruka.

Aliichukua ripoti, akaenda moja kwa moja kwa Meneja. Alimwekea ripoti mezani, akaweka kidole kwenye neno, akaeleza. Meneja alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye haraka. Alisikiliza kwa nusu sikio.

"Neno moja?"

"Moja."

"Sasa neno moja, Bi Mkato, jamani..."

"Bosi, mtu amekwenda kumpigia mjane magoti kwa sababu ya neno hilo moja!"

Hakuwahi kumpigia kelele Meneja hata siku moja. Meneja alifunga mdomo, akavuta simu. Mhandisi alipatikana ng'ambo, wakamweka kwenye spika, na Bi Mkato akauliza kwa Kiingereza: je, valvu aliiona imefungwa? Jibu lilikuja bila kusita. Hapana, valvu hakuiona kabisa. Alipofika, kile kipande cha bomba kilikuwa kimeshakatwa na kutupwa. Kwa kawaida ajali ya namna ile husababishwa na valvu iliyosahauliwa, kwa hiyo alidhani hivyo, na ndivyo alivyoandika. Kwani kuna tatizo? Bi Mkato alimfasiria Meneja yote, na safari hii hakuacha hata kikohozi.

Meneja alikuwa ameshasimama. "Vile vyuma vilitupwa wapi?"

Nyuma ya ghala kulikuwa na lundo la vyuma chakavu, mabati, mapipa yaliyotoboka na mabaki ya miaka mingi. Meneja alivua koti. Mafundi watatu walikuja, wakachimbua kwa zaidi ya saa moja na nusu, Bi Mkato akiwa katikati yao na sketi yake ya ofisini, akivuta vyuma kwa mikono mitupu mpaka kucha mbili zikang'oka na asisikie. Fundi mmoja akapiga yowe. Alikuwa ameshika kipande cha bomba kilichopasuka, na chini yake valvu, na kwenye valvu namba saba ya rangi nyekundu.

Wakaifuta kwa kitambaa. Mhimili wa kile kigurudumu cha kufungulia ulikuwa umepinda kwa nguvu ya mlipuko, umekwama palepale ulipokuwa. Fundi mkubwa aliinama akautazama, akainuka, akautazama tena.

"Ilikuwa wazi," alisema. "Imefunguliwa mpaka mwisho. Ikishapinda hivi haifunguki wala haifungiki, ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile." Akaingiza bisibisi kwenye tundu, ikagota. Akagonga, ikaanguka chembe nyeupe ngumu kama jiwe. "Magadi na kutu. Kijibomba kimeziba chote. Mzee alifungua, wallahi, maji yangepita wapi?"

Meneja alikaa juu ya pipa. Kijibomba kile kilitakiwa kusafishwa kila mwaka, na kila mtu pale alijua ni miaka mingapi hakijasafishwa, na ni nani hakutoa kibali. Bi Mkato hakungoja. Aliomba valvu ikatwe ibaki peke yake, akaizungushia gazeti, akaipakata, akatoka nayo getini. Mlinzi alifungua mdomo kuuliza kibali cha kutoka na mali ya kiwanda, akauona uso wake, akafungua geti.

Nyumba ya mjomba ilikuwa ya vyumba viwili, na chumba cha mbele kilikuwa na meza moja, viti vinne visivyofanana na pazia ambalo Bi Mkato alilishona mwenyewe akiwa darasa la saba, refu upande mmoja. Alivua viatu mlangoni. Mke wa mjomba alimwona, akafumba midomo, akampisha. Mjomba alikuwa mezani. Wiki zile zilikuwa zimemla. Shingo ilikuwa ikielea ndani ya kola. Mbele yake kulikuwa na karatasi ya daftari iliyojaa mwandiko wake mkubwa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekuja vizuri. Haya ndiyo maelezo yangu ya Ijumaa. Hebu nisomee, unikosolee kabla sijaenda nayo."

"Mjomba, hukuifunga ile valvu. Tumempigia mhandisi simu. Hakuiona. Alidhani tu."

Alitegemea nini, sijui. Pengine alitegemea kilio, au kicheko. Mjomba alimtazama kwa huruma, kama mtu anayetaka kumpoza mtoto.

"Kaa, mwanangu. Mhandisi hakuiona, sawa. Mimi naiona. Mwanzo nilikuwa sikumbuki. Nikajiambia, mtaalamu hawezi kuandika uongo, na huyu mpwa wangu hawezi kunisomea uongo. Basi kumbe nimesahau mimi. Nikakaa nikaitafuta. Siku ya tano ikaja." Akainua mkono wa kushoto. "Mkono huu. Wa kulia una kikombe cha chai. Fundi Bomba ananiita, namwambia subiri kidogo, na huku nazungusha, hivi, naifunga tena bila kufikiri. Nausikia ule ubaridi wa chuma. Hapa." Akamwonyesha kiganja. "Nausikia hata sasa."

Bi Mkato alifungua gazeti, akaiweka valvu juu ya meza, ikatoa mshindo mzito.

Mjomba aliitambua kabla haijatulia. Namba saba ile aliipiga rangi yeye. Aliivuta karibu, na mara ile mikono yake ikawa mikono ya kazi; ikapapasa mhimili, ikajaribu kigurudumu, ikapima mpindo wake kwa kidole gumba. Akainua akachungulia kwenye tundu, mwanga haukupita. Akaingiza ukucha, akatoa chembe nyeupe, akaisaga, akainusa. Hakuna aliyehitaji kumfafanulia. Watu wote wa kiwanda kile wangeweza kukosea kuisoma valvu, lakini si yeye.

"Ilikuwa wazi," alisema.

"Ilikuwa wazi, Mjomba."

Mke wa mjomba alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nilikuambia! Nilikuambia mimi, baba, wewe si mtu wa kusahau!" Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, akamshika mumewe mabega, akamtikisa.

Lakini Mzee wa Boila hakufurahi. Bi Mkato aliuona uso wake ukibadilika na akaogopa kuliko alivyoogopa siku ile nzima. Mjomba alikuwa akitazama kiganja chake cha kushoto, akikigeuza, akikitazama tena, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo.

"Mbona nakumbuka?" aliuliza. "Nilikumbuka ubaridi. Nilikumbuka na chai. Fundi Bomba aliniita, nikamsikia." Akainua macho, na yalikuwa macho ya mtu aliyeona kitu cha kutisha ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Sasa huu mkono ninaoukumbuka ni wa nani?"

Angeweza kunyamaza. Mhandisi alikuwa mbali, Meneja alikuwa na dhambi zake za kuzihesabu, na mjomba hakujua Kiingereza. Dunia nzima ingemlaumu mwingine.

"Ni wangu, Mjomba," alisema Bi Mkato.

Akamweleza. Alimweleza habari ya penseli na ya neno, alimweleza kwamba neno lilikuwepo tangu mwanzo, kwamba alilikata bila hata kulisoma, na kwamba mjomba alipokuja kumuuliza ofisini yeye alikuwa na ripoti kabatini, hatua mbili kutoka kwenye kiti, akakataa kuinuka. Mke wa mjomba aliacha kulia. Alimtazama mtoto aliyemlea na hakumtambua.

"Hilo neno," aliuliza mjomba, "lilikuwa linasema nini?"

"Lilikuwa linasema, sikuona, nadhani tu."

"Hayo tu?"

"Hayo tu, Mjomba."

Mjomba aliichukua ile karatasi ya maelezo yake, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Kisha akasimama, akishika meza, na kwenda chumbani. Alirudi akiwa amevaa shati jeupe. Vifungo vilikuwa vinamshinda. Mkewe akataka kumsaidia, akamkatalia kwa kichwa, akavimaliza mwenyewe kimoja kimoja. Bi Mkato alikuwa bado amekaa, akilia bila sauti, akingojea kufukuzwa, maana alijua anastahili.

"Inuka, mpwa wangu," alisema mjomba. "Vaa viatu twende kwa mke wa Fundi Bomba. Mimi nilikwenda peke yangu. Wewe nitakusindikiza."